Mshumaa Mmoja Kati ya Jina na Jina



Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili tunapenda kuwaeleza jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halihusiani na imani, yaani jinsi kompyuta inavyohifadhi namba na maandishi. Tunalieleza kwa sababu tulikosea kwa kutolijua, na kosa hilo lilimgusa kijana mmoja wa parokia yetu aliyekuwa akijiandaa kufunga ndoa. Tena ni jambo lenye historia ndefu, na katika historia hiyo wamo askofu na mapadre ambao si wengi wetu tunaowafahamu.

Tuanze na vitabu vya parokia. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 24 cha mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuwa na kitabu cha kuandikia ndoa, na katika ubatizo kuandika majina ya wasimamizi. Sheria ya Kanisa ya leo, katika kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kwamba pembeni mwa jina la mbatizwa ziandikwe pia kipaimara chake na hali yake katika Kanisa. Ndiyo kusema kwamba mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo ni maisha mazima ya Mkristo kwa ufupi.

Lakini karatasi ina adui wengi: mchwa, panya, unyevu, moto. Nasi wa Hanang na Mbulu tumejifunza pia habari ya tope. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang vilipouangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu wengi walipoteza maisha, na nyumba zilizofunikwa zilikwenda na kila kilichokuwamo. Baada ya hapo tuliona si busara vitabu vya ubatizo viendelee kukaa katika kabati moja bila nakala. Vijana wetu wakajitolea. Walipiga picha kila ukurasa, kisha wakachapa majina yote katika kompyuta ya ofisi. Tuliwashukuru, tukaona kazi imekwisha.

Ndipo akaja yule kijana kuomba hati ya ubatizo. Katibu aliandika jina la ukoo kama kijana mwenyewe alivyoliandika katika fomu yake, na kompyuta ikajibu kwamba jina hilo halimo. Akajaribu tena, jibu likawa lile lile. Tukamwambia kijana arudi juma lijalo, na ndoa ikachelewa kutangazwa. Aliporudi alikuja na bibi yake. Mama huyo mzee hakuitazama kompyuta hata kidogo. Aliomba kile kitabu chenyewe, akatutajia mwaka na majira aliyobatizwa mjukuu wake, na kabla ya dakika kumi kupita jina lilikuwa chini ya kidole chake. Akatuambia kwa upole, “Padre, mtoto hakupotea. Ninyi ndio mmemwandika kwingine.” Tuliona aibu, na kisha tukaanza kutafuta chanzo cha kosa.

MISHUMAA MINANE

Ili kulielewa kosa hilo, yafaa kwanza kujua kwamba ndani ya kompyuta hamna herufi wala namba kama tunavyozijua. Mna vijisehemu vidogo mno ambavyo kila kimoja kina hali mbili tu: kuna umeme au hakuna, ndiyo au hapana. Wataalamu huandika hali hizo kwa tarakimu mbili, 1 na 0, na kila kijisehemu hukiita biti.

Tutumie mfano wa altare. Wazia mishumaa minane imepangwa katika mstari mmoja. Uliowashwa ni 1, uliozimwa ni 0. Kila mshumaa una thamani yake kufuatana na mahali ulipo: wa kwanza kutoka kulia una thamani ya 1, wa pili 2, wa tatu 4, kisha 8, 16, 32, 64, na wa mwisho kushoto 128. Kila hatua ni mara mbili ya ile iliyotangulia. Ukitaka kuonyesha saba, washa mitatu ya kulia, kwa maana 4 na 2 na 1 ni 7, tunaandika 00000111. Ukitaka kumi, yaani mibaangw kwa Kiiraqw, washa wa nane na wa mbili: 00001010. Kwa mishumaa minane peke yake unaweza kupata mipangilio 256, kuanzia yote kuzimwa hadi yote kuwashwa. Kundi hilo la biti nane huitwa baiti.

Na ukihitaji namba kubwa zaidi, ongeza mishumaa. Mwaka 1943, ambao Mbulu ilifanywa kuwa eneo la kitume linalojitegemea miaka kumi kabla ya kuwa jimbo mwaka 1953, unahitaji mishumaa kumi na mmoja: 11110010111. Hakuna siri nyingine ndani yake. Ni kuhesabu kwa mbili badala ya kuhesabu kwa kumi, na huenda sisi tunahesabu kwa kumi kwa sababu tu Mwenyezi Mungu alitupa vidole kumi.

ASKOFU, MWANAFALSAFA NA MMISIONARI

Hesabu hii haikuanza na kompyuta. Mwaka 1670 Juan Caramuel, mtawa Msistersiani mzaliwa wa Madrid ambaye wakati huo alikuwa askofu wa Campagna nchini Italia, alichapa kitabu cha hisabati kiitwacho Mathesis biceps. Humo alieleza kwamba si lazima watu wahesabu kwa kumi, akaonyesha namna nyingine kadhaa, ile ya mbili ikiwa mojawapo.

Aliyeikuza zaidi hesabu hiyo ni Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz. Yeye alikuwa Mluteri, lakini miaka mingi ya maisha yake alitamani Wakatoliki na Waprotestanti wapatane. Mwaka 1679 aliandika karatasi za kwanza juu ya hesabu ya sifuri na moja, na Januari 1697 alimpelekea mtawala wa Brunswick wazo la kutengeneza medali ya kuisifu. Kwake yeye moja ilikuwa mfano wa Mungu na sifuri mfano wa utupu, na namba zote kutoka katika hizo mbili zilikuwa kama sanamu ya uumbaji: Mungu ameumba vyote pasipo kutumia kitu kilichokuwapo.

Leibniz alikuwa akiandikiana barua na padre Mjesuiti Joachim Bouvet, mmisionari Mfaransa katika jumba la mfalme wa China. Mwaka 1701 Padre Bouvet alimpelekea mchoro wa alama 64 za kale za Kichina, kila moja ikiwa na mistari sita, ama mizima ama iliyokatika katikati. Leibniz alistaajabu, kwa maana mistari sita ya namna mbili ndiyo mishumaa sita, nayo hutoa mipangilio 64 kamili. Wachina wale wa kale hawakuwa wakifanya hesabu yake, lakini kufanana huko kulimpa moyo, na mwaka 1703 akaitoa makala yake juu ya sifuri na moja katika Chuo cha Sayansi cha Paris.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili hesabu hiyo ilikaa kama mbegu ghalani. Mwaka 1937 kijana Mmarekani, Claude Shannon, alionyesha katika tasnifu yake kwamba swichi za umeme zinaweza kufanya kazi ya kufikiri kwa ndiyo na hapana, na hivyo kufanya hesabu. Swichi ina hali mbili tu, kwa hiyo hesabu ya mbili ndiyo iliyoifaa. Kutoka hapo kompyuta zikapata lugha yao. Hapa kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini, hata zikachelewa kutufikia sisi wa vijijini.

KUTOKA NAMBA HADI HERUFI

Sasa, kama kompyuta inajua namba tu, herufi inazihifadhije? Jibu ni rahisi: watu walikaa, wakakubaliana, wakaipa kila herufi namba yake. Makubaliano yaliyoenea kuliko yote yalitolewa Marekani mwaka 1963, yakaongezewa herufi ndogo mwaka 1967. Yana alama 128: herufi za Kiingereza, tarakimu, vituo vya uandishi na maagizo machache ya mashine. Humo A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Kati yao tofauti ni mshumaa mmoja tu, ule wa 32.

Jina Iraqw, basi, halimo ndani ya kompyuta kama jina. Zimo namba tano: 73, 114, 97, 113 na 119. Kiswahili sanifu hakina q wala x, lakini zilikuwamo tayari katika orodha ya Wamarekani kwa sababu Kiingereza kinazo, nasi tukazikuta zikitungoja.

Hapa kuna jambo jingine la kuangalia. Tarakimu 7 ikiandikwa kama alama haihifadhiwi kama saba, bali kama 55, ndiyo namba yake katika orodha ile. Mtu anayechapa kumbukumbu lazima aiambie kompyuta kama anataka idadi au maandishi. Vijana wetu walichapa namba za kumbukumbu za ubatizo kama idadi, na kwa hiyo 0047 ikawa 47, kwa sababu sifuri iliyotangulia haiongezi kitu katika hesabu. Ndivyo ilivyo hata kwa namba za simu: zikihifadhiwa kama idadi, ile sifuri ya mwanzo hutoweka.

Na sisi Wakatoliki tusisahau kwamba mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuzitumia mashine kwa maneno badala ya hesabu alikuwa padre. Roberto Busa, Mjesuiti Mwitaliano, alikuwa akitafiti jinsi Mtakatifu Toma wa Akwino alivyozungumzia uwepo. Aligundua kwamba fundisho hilo halimo katika maneno makubwa tu, bali limejificha katika kineno kidogo cha Kilatini, “in”, ambacho msomaji hukipita bila kukiona. Akaamua kwamba kila neno la Mtakatifu Toma lazima liorodheshwe. Mwaka 1949 alikwenda New York, akamwona Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, akaomba msaada. Kazi ilianza kwa kadi za matundu, na ilichukua miaka thelathini hivi: maneno yapatayo milioni 11, vitabu 56. Padre Busa alifariki mwaka 2011. Alitufundisha kwamba katika maandishi hakuna kitu kilicho kidogo mno kiasi cha kupuuzwa.

MKWAJU NA RITIFAA

Sisi tulipuuza. Na tulipuuza mahali ambapo tulipaswa kuwa waangalifu kuliko wengine, kwa maana wilaya zetu zina utajiri wa lugha ambao si rahisi kuupata kwingine duniani. Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wadatooga lugha ya Kinailoti, jirani zetu Wanyaturu lugha ya Kibantu, na Wahadzabe wa Yaeda Chini lugha yenye sauti za kidoko ambayo haina ndugu wa karibu. Sauti hizi zote zimeingia katika vitabu vyetu vya ubatizo kwa njia ya majina ya watu.

Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina. Tunaandika tl katika Tlawi. Tunaandika hh katika jina la Askofu Nicodemus Hhando, aliyeliongoza jimbo letu kuanzia mwaka 1971. Kompyuta inaona h mbili, lakini masikio yetu yanasikia sauti moja kutoka ndani ya koo. Iko pia sauti nyingine ya koo, inayofanana na ile ambayo Waarabu huanzia jina Ali. Wataalamu wa lugha, wakiwemo Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling katika kamusi yao ya Kiiraqw ya mwaka 2002, huiandika kwa mkwaju, yaani kile kistari cha mlazo. Kwa hiyo nchi ya asili ya Wairaqw huandikwa Irqwar Da/aw. Watu wengine, hasa wanapoandika kwa Kiswahili au Kiingereza, huweka ritifaa: Irqwar Da'aw.

Kwa msomaji hakuna shida. Macho yanaona alama tofauti na ulimi unatamka neno lile lile. Kwa kompyuta, mkwaju ni 47, yaani 00101111. Ritifaa ni 39, yaani 00100111. Hesabu mishumaa: tofauti ni mmoja tu, wa nne kutoka kulia. Lakini mmoja huo unatosha. Kompyuta hailinganishi sauti wala maana. Inalinganisha namba, na 47 si 39.

Hapo ndipo tulipogundua chanzo cha kosa letu. Vijana walipotaka kuhifadhi picha za kurasa kwa majina ya koo, kompyuta iliukataa mkwaju, kwa sababu yenyewe huutumia kutenganisha majina ya mafaili na mahali yanapowekwa. Wakaweka ritifaa badala yake, na kwa kufuata desturi hiyo wakafanya vivyo hivyo katika orodha nzima. Kitabuni padre wa zamani alikuwa ameandika mkwaju, na familia iliendelea kuandika mkwaju. Kijana alitafutwa kwa 47 wakati tulikuwa tumemweka chini ya 39.

Tulipoendelea kuchunguza tulikuta la tatu. Majina yaliyokuwa yametumwa kwa simu yalikuwa na ritifaa iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe. Hiyo haimo kabisa katika alama 128 za zamani. Imo katika orodha mpya ya mataifa yote iitwayo Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991 ili kila lugha ipate nafasi, na ambayo leo ina alama zaidi ya 150,000. Namba yake ni 8217, na kwa kawaida huchukua baiti tatu. Tuna sababu ya kuishukuru orodha hiyo: kwa njia yake Wagikuyu wanapata herufi zao ĩ na ũ, na vidoko vya Wahadzabe vina alama zake. Lakini wingi wa alama umeleta wingi wa njia za kuandika jina moja. Hata jina la Askofu Yuda Thadei Ruwa'ichi, aliyekuja Mbulu mwaka 1999, linaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa iliyopinda, au bila ritifaa, na kwa kompyuta hao ni watu watatu.

JINA MBELE ZA MUNGU

Wapendwa, Maandiko Matakatifu yanajua hatari ya jambo hili. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Efraimu waliulizwa kwenye vivuko vya Yordani watamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kuitamka ile sauti ya kwanza aliuawa, na Maandiko yanahesabu waliokufa kuwa 42,000. Sauti moja ilitosha kumfanya mtu awe mgeni. Hatutaki ofisi ya parokia iwe kivuko cha namna hiyo, ambapo Mkristo aliyebatizwa kwetu anaambiwa hatumjui kwa sababu ya alama moja.

Leibniz aliona katika sifuri na moja mfano wa uumbaji, nasi tunaweza kuutafakari mfano huo kwa faida. Hata hivyo, mashine yenyewe haimjui mtu. Inajua 47 na 39. Mchungaji Mwema, kadiri ya sura ya 10 ya Injili ya Yohane, huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, na wao huitambua sauti yake. Bibi yule alimtafuta mjukuu wake namna hiyo hiyo: alikumbuka mwaka, mvua za majira yale, msimamizi, na padre aliyembatiza. Kompyuta ni msaidizi mwema wa kumbukumbu ya namna hiyo, lakini haiwezi kuishika nafasi yake.

Kijana alipata hati yake, ndoa ikatangazwa mara tatu, nasi tukamwomba msamaha yeye na bibi yake. Baada ya hapo, pamoja na makatekista, tumekubaliana mambo manne. Jina litachapwa kama lilivyo kitabuni, kwa alama ile ile, na mafaili ya picha yatapewa namba badala ya majina ya koo. Namba za kumbukumbu zitahifadhiwa kama maandishi, ili sifuri zisipotee. Katibu akikosa jina kwenye kompyuta, hatamrudisha mtu nyumbani kabla ya kufungua kitabu. Na vitabu vya karatasi havitatupwa kamwe.

Liko jambo la tano, ambalo ni lenu. Kwa Dominika nne zijazo, baada ya Misa ya pili, orodha za majina zitawekwa mezani nje ya sakristia, jumuiya moja moja. Njoni na wazee wenu, kwa maana wao ndio wanaojua sauti ambayo kila jina linapaswa kuwa nayo. Someni majina yenu na ya watoto wenu kwa sauti, na mkiona alama imekosewa, hata iwe kistari kimoja, tuambieni bila kuona haya.

Mungu, ambaye ameyaandika majina yetu mahali ambapo mchwa na tope havifiki, awabariki nyote. Amina.